Cheti cha Yai la Bluu

Nianze na cheti, maana ndicho kinachoniaibisha zaidi. Nilikitengeneza mwenyewe dukani kwangu Mlabani, hapa Ifakara, kwenye kompyuta ileile ninayochapia barua za kuomba kazi na risala za harusi. Kilikuwa na fremu ya maua, picha ya jogoo, na maneno yaliyokolezwa wino: Cheti cha Usafi wa Mbegu. Chini yake sahihi yangu, na juu ya sahihi muhuri wa duka. Yaani muhuri wa duka la fotokopi unathibitisha ukoo wa kuku! Na watu wazima, wenye akili zao na mashamba yao, walikipokea kwa mikono miwili, wakakitia kwenye plastiki kisichafuke.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Mwalimu. Hata mama yangu mzazi ananiita hivyo, ingawa yeye hulitamka kama mtu anayeuliza bei ya samaki aliyeanza kunuka. Naishi naye Kibaoni, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba. Ndoa yangu ilinishinda, nikarudi na binti yangu mgongoni, na tangu hapo nyumba ile imekuwa ya wanawake watatu na kuku wa mama.

Kuku wa mama ni kishingo. Asiyewajua awafikirie kuku wetu wa kienyeji wa kawaida, halafu awanyonyoe shingo yote ibaki ngozi nyekundu yenye mikunjo. Ndivyo wanavyozaliwa na ndivyo wanavyokufa. Mimi sikuwahi kuwapenda. Waliingia jikoni bila hodi, waliparua bustani yangu ya maua, na kila mgeni aliyefika aliuliza wanaumwa nini.

Mama alikuja na uzao huo kutoka upande wa Mahenge alipoolewa. Kwao, binti akitoka nyumbani kwenda kwa mume hutoka na kuku jike mmoja kwapani, wa uzao wa mama yake. Sanduku linaweza kusahaulika na kitanda kinaweza kufuata baadaye, lakini kuku hapana. Na uzao huo haumalizwi. Majike unaweza kuuza wawili watatu shida ikibana, ila jogoo wa mbegu hauzwi, huazimwa. Jirani akimtaka anamchukua siku kadhaa, kuku wake wanapandwa, kisha anamrudisha, na mayai yakishaanguliwa analeta kifaranga kimoja cha shukrani.

Mimi nami nilipoolewa nilipewa wangu. Nilimwacha stendi. Nilikuwa na sketi mpya, viatu vya kisigino, na cheti cha ualimu kwenye mkoba, na bwana niliyekuwa namfuata alikuwa mtu wa mjini. Nikamtazama yule kuku na shingo lake tupu, kafungwa miguu kwa kipande cha kanga, naye akanitazama. Basi la Morogoro lilipopiga honi nikamsukumia chini ya benchi kwa mguu, nikapanda. Baadaye nikaandika barua nyumbani kwamba kuku kafika salama na ameshaanza kutaga. Nilikuwa katika ule umri ambao mtu anaona haya kwa vitu vya maana na kujivunia upuuzi. Mama hakuniuliza tena habari za kuku, nami nikajipongeza kwamba nimefaulu.

Sasa kustaafu. Mtu aliyezoea kupiga kengele na kufokea watoto arobaini hawezi kukaa kimya dukani akisubiri mtu wa kutoa kopi ya kitambulisho. Ndipo nikaingia kwenye grupu la simu la wafugaji wa mbegu safi. Mwenyekiti wake alikuwa bwana mmoja wa Morogoro ambaye sijawahi kumwona pichani akiwa karibu na kuku. Kila picha amevaa suti. Kila asubuhi alitutumia neno: “Kuku si nyama, kuku ni ukoo.” Na sisi wapumbavu tukamjibu kwa vikatuni vya kupiga makofi.

Huyo ndiye aliyeniuzia kuku wa mayai ya bluu. Walikuwa kuku wa kigeni, wa uzao wa zamani unaolindwa kwa vizazi, na ganda la yai lao ni bluu nje na ndani, si la kupakwa. Walishushwa kwenye basi ndani ya boksi la tambi lililotobolewa matundu, jogoo mmoja na majike watano, wana vishungi vya manyoya kichwani kama mabibi wanaokwenda kumpokea mheshimiwa. Nikawajengea banda la matofali, wavu mpya, sakafu ya saruji na kufuli. Mvua ilipokuja, jikoni kwetu palivuja, bandani hapakuvuja.

Yai la kwanza nililishika kama yai la mbinguni. Nikalipeleka kwenye jumuiya ya kanisa, maana nilitaka watu waone, nisiseme uongo. Mwenzetu mmoja akalikwaruza kwa ukucha. Mwingine akalinusa, akasema, “Mwalimu, umelichovya kwenye bluu ya kufulia.” Wa tatu akauliza kama mjamzito akilila mtoto atatoka na macho ya namna gani. Jioni yake akaja mwanamume nisiyemjua, kavaa koti kwenye joto lile, akataka nimuuzie moja kwa ajili ya dawa ya biashara. Nilimtimua hadi barabarani. Loh! Niliwadharau wote, tena kwa raha. Nilijiona mtu pekee mwenye macho katika bonde zima la Kilombero.

Mama ndiye aliyeiona kasoro kabla yangu. Wale majike hawakuatamia. Jike alitaga, akapiga kelele za kutangaza, akaondoka zake, wala hakugeuka kutazama alichokiacha. Mwezi wa kwanza, wa pili, hakuna aliyelalia mayai hata siku moja.

“Huyu anataga kama mtu anayemwaga taka,” mama alisema. “Nani atamlelea?”

“Kuna mashine, mama.”

“Aah. Mashine.”

Nikanunua mashine ya kutotoleshea. Umeme ulikatika mara ya kwanza nikaifunika blanketi. Ulipokatika mara ya tatu nikaacha kuhesabu, na mwishowe nikapasua yai moja kuangalia kilichomo. Harufu ile ilikaa chumbani mpaka Jumapili, nikaenda nayo kanisani. Mama alikaa tu mlangoni na kishingo wake mmoja aliyekuwa na vifaranga kumi na kimoja, akawamwagia chenga za mchele mmoja mmoja, polepole, ili nione vizuri.

Nikaamua kwamba kama siwezi kutotolesha, nitauza mayai ya mbegu kwa wenye mashine nzuri. Hapo ndipo mwenyekiti akaniuliza swali lililovuruga nyumba yangu: “Mwalimu, hapo kwako hakuna kuku shenzi?” Nikamjibu ukweli. Akanitumia ujumbe mrefu wa sauti. Mbegu safi haikai uwanja mmoja na shenzi, siku moja tu jogoo wa kienyeji akipenya bandani ukoo umekwisha, na jina langu litafutwa kwenye orodha ya wafugaji. Orodha! Eti orodha aliyokuwa nayo kwenye simu yake mwenyewe.

Nilimkuta mama uwanjani anapepeta mchele.

“Mama, hawa kuku wako inabidi watoke.”

“Waende wapi?”

“Wauzwe, waliwe, popote. Mbegu safi haichanganywi.”

Hakuacha kupepeta. “Na mjukuu wangu atatoka na nini?”

Binti yangu alikuwa chuoni wakati huo na mchumba ameshajitokeza. Harusi ingefanyika akimaliza masomo, baada ya mavuno. Mama alikuwa ameshahesabu: kuku yupi atazaa yupi, na yupi atakwenda kwapani mwa bibi harusi.

“Atatoka na wa bluu,” nikasema. “Wa kisasa. Ana cheti.”

“Utampa mwanao kuku asiyejua kulea? Aende kwa watu na kuku wa namna hiyo?”

“Mama, dunia imebadilika.”

“Dunia sijui. Mimi nataka uzao wangu usikatike nikiwa hai. Nikishakufa fanyeni mtakavyo.”

Alinitazama usoni aliposema hivyo. Nilimwelewa vizuri kabisa, na bado niliwauza. Majike wanne waliondoka na mama lishe, wengine waliliwa kaka zangu walipokuja kusalimia, na mimi ndiye niliyepika. Mama alikula ugali na mboga za majani. Jogoo na jike mmoja aliwaokoa kwa sheria yake mwenyewe: alimwita jirani wa nyuma, akamwazima wote wawili.

Huyo jirani ni mama wa Kisukuma. Watu wake walishuka na ng’ombe kutoka Kanda ya Ziwa, wakakaa upande wa mashamba, yeye akajenga nyuma yetu. Nami nilikuwa namsema, sifichi. Nilimsema kwa kinyesi cha ng’ombe na kwa sauti kubwa. Yeye kila asubuhi aliinama na kuniamkia, “Mwangaluka, Mwalimu,” nami nikamjibu huku natafuta funguo mkobani. Yeye na mama walielewana tangu mwanzo. Alimfundisha mama kunasa mchwa kwa chungu kilichojazwa majani makavu na samadi, kikafunikwa juu ya kichuguu usiku kucha, asubuhi kinafunuliwa mchwa wamejaa, vifaranga wanakula mpaka wanayumba. Nilidhani ni ushamba tu wa watu wawili.

Basi masika yakaja, maji yakapanda, na kenge akapanda nayo. Akaingia kwa jirani akammeza yule jike wa mama juu ya mayai yake, na mayai pia. Jirani alikuja analia kweli, kapiga magoti uwanjani, anaomba radhi kama aliyeua mtu.

“Nyamaza, mwanangu,” mama akamwambia. “Kenge hana adabu, utamfanya nini?” Kisha akakaa chini kwenye mkeka. “Amebaki jogoo. Jogoo peke yake hazai. Basi, bibi harusi atatoka mikono mitupu.”

“Atatoka na friji,” nikasema.

Nilisema hivyo. Mtu akiniuliza leo ni neno gani ningependa kulirudisha kinywani, nitamtajia hilo.

Biashara ikachanganya. Asubuhi nilifungua duka saa mbili, ufunguo wa banda nikamwachia mama aokote mayai, jioni nikayakuta yamepangwa kwenye kikapu, mabichi, ya bluu, yanang’aa. Nikayafunga kwa maranda, nikachapa cheti, nikayapeleka stendi. Yalikwenda Morogoro, yalikwenda Dodoma, mengine kwa treni hadi Mlimba. Mama alikuwa mchangamfu siku hizo. Alikuwa anaimba wakati wa kufagia, nikadhani amekubali yaishe.

Kisha akanipigia simu mteja wa Uchindile, mzee wa heshima aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya miti.

“Mwalimu, vifaranga wameanguliwa, namshukuru Mungu. Ila shingo zao hazina manyoya.”

“Mashine yako joto limezidi,” nikamjibu bila hata kupumua. “Manyoya yameungua.”

“Yameungua shingoni tu?”

“Mzee wangu, shikamoo, lakini mimi ndiye mtaalamu. Shusha joto.”

Akaniomba radhi. Mzee mzima aliniomba radhi mimi! Wiki ile wakapiga wengine wawili na malalamiko hayohayo, nikawapa jibu lilelile, na nikalalamika dukani kwamba Watanzania hawajui kusoma maelekezo ya mashine.

Kiangazi kilipokolea akapita mchanjaji wa kuku wa mtaa, mama mmoja mwenye kichupa cha dawa ndani ya chupa ya chai yenye barafu, nyumba kwa nyumba, tone moja kwenye jicho la kila kuku. Kideri huja msimu huo, kila mtoto wa Ifakara anajua. Nilimsimamisha getini. Nikamwambia viatu vyake vimekanyaga kila uwanja wa kuku shenzi kuanzia mto hadi reli, siwezi kumruhusu asogelee mbegu safi. Mwenyekiti alikuwa amesema kuku wake wana kinga ya ukoo.

“Kinga ya nini?” mama mchanjaji akauliza.

“Ya ukoo.”

Akacheka mpaka akashika geti. “Haya, Mwalimu. Nikawasalimie wa nyuma.” Akaenda kwa jirani, akawachanja wote, pamoja na jogoo wa mama.

Kideri hakikuuliza cheti. Siku ya kwanza jike mmoja alipinda shingo akazunguka zunguka mahali pamoja. Siku ya pili walikuwa watatu. Siku ya nne nilimkuta jogoo wangu amelala kwenye saruji, kishungi kimelowa, kinyesi cha kijani kila mahali. Nilipiga simu kwa mwenyekiti, akaniambia nimewalisha vibaya. Nikawachimbia shimo nyuma ya choo, wote sita, mimi na jembe, na jua la saa saba. Nyuma ya ua nilisikia jogoo wa mama anawika. Anawika vizuri tu, mzima, kwa raha zake.

Yalibaki mayai kumi na mawili kwenye kikapu, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujaingia. Hayo ndiyo yalikuwa ukoo wote. Mashine ilikuwa imeshakufa. Nikamwomba mama ushauri, na kumwomba mama ushauri ni kazi, maana kwanza anakuacha usimame.

“Jirani ana kuku anaatamia,” akasema hatimaye. “Nenda kamwombe. Na usitafute funguo mkobani.”

Nilikwenda. Nilimwamkia mimi kwanza, na niliona alivyoshtuka. Hakuninyanyasa; alimnyanyua kuku wake wa kahawia, akatoa mayai yake mwenyewe, akaweka yangu. Mama akaja na kipande cha mkaa, akachora alama kwenye kila yai kama wafanyavyo siku zote, ili kuku mwingine akija kutaga humo lile geni lijulikane.

“Mama, haya ni ya bluu. Nani atayachanganya?”

“Ni desturi,” akasema. Akachora taratibu, lakini nilimwona anamtazama jirani, na jirani anatazama pembeni.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, nikiwa bado na mswaki mdomoni, jirani akaita juu ya ua: “Mwalimu! Njoo uone!” Nilipofika mama alikuwa ameshakaa kwenye kigoda mbele ya kiota. Sijui alitoka nyumbani saa ngapi. Nane walikuwa wametoka. Wawili walikuwa na vishungi vidogo, safi, kama baba yao. Sita walikuwa na shingo tupu. Walikuwa na kishada kidogo tu cha manyoya kooni, kama wamevaa tai, na shingo iliyobaki ni ngozi ya waridi.

Nilisimama na povu la mswaki linanitiririka. Jirani alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Kichwani mwangu walipita mzee wa Uchindile, na yule wa Dodoma, na fremu ya maua, na muhuri.

“Mama.”

“Naam, Mwalimu.”

“Tangu lini?”

“Tangu kenge alipommeza yule jike.”

Hakuona haya hata kidogo. Kumbe kila nilipotoka kwenda dukani jirani alimleta jogoo kwa nyuma. Mama alifungua kufuli kwa ufunguo niliomwachia mwenyewe, jogoo wangu wa yule bwana wa suti wakamfunika kwa tenga, akakaa gizani akidhani usiku umeingia, na wa mama akaachiwa uwanja mpaka adhuhuri. Kila siku. Wanawake wawili, mmoja anaongea Kipogoro na mwingine Kisukuma, walikuwa wameniendeshea biashara ya magendo uani kwangu miezi saba, na mimi nikaipigia muhuri.

“Kwa nini hukuniambia?” Nilikuwa napiga kelele, ng’ombe waligeuka.

“Ningekuambia ungemchinja.”

Na kweli ningemchinja.

Nikaandika kwenye grupu ukweli wote, nikaomba radhi, nikasema vyeti vyangu ni karatasi tupu. Nilimpigia mzee wa Uchindile peke yake nikamwambia mashine yake haikuwa na kosa. Alicheka, akasema wale kuku wameanza kutaga mayai ya bluu na mmoja ameshaatamia mwenyewe, kama ninao wengine nimpelekee. Mwenyekiti alifuta ujumbe wangu. Kesho yake akatangaza kwamba amepata aina mpya adimu ya shingo wazi, mbegu safi kabisa, idadi ni chache, wahini kabla ya wenzenu. Nikatoka kwenye grupu. Ndilo jambo pekee la heshima nililofanya mwaka ule.

Kati ya wale sita, majike walikuwa wanne. Mchanjaji alipopita tena nilimfungulia geti mwenyewe na kumshikia kuku. Hakunitania, jambo lililoniuma zaidi. Wakakua, shingo zikawa nyekundu, na wakati wa kuvuna mpunga wakaanza kutaga mayai ya rangi isiyojijua kama ni bluu au kijani. Mmoja akaatamia bila kuombwa, akanidonoa mkono nilipomkaribia. Mama aliutazama mkono wangu unaotoka damu kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona alipotazama cheti changu chochote.

Siku ya kumsindikiza binti yangu uwanja ulijaa. Alivaa gauni la kukodi na viatu virefu kuliko vile vyangu vya zamani. Mama akatoka chumbani na kuku kwapani, kamfunga miguu kwa kipande cha kanga. Nilimwangalia binti yangu, na nilikuwa naogopa, sina sababu ya kuficha. Nilijua benchi la stendi lilivyo.

Akampokea, akamkandamiza kwapani juu ya gauni la watu, akapiga picha naye. “Bibi,” akasema, “huyu si atanitagia mayai ya rangi?”

“Atataga. Tena atakaa juu yake.”

Gari likaondoka kwa vigelegele. Wageni waliporudi kwenye pilau nikabaki na mama barazani, na ndipo nilipomwona anarudi ndani, akatoka tena na kuku wa pili, naye kafungwa miguu.

“Huyo wa nani?” nikauliza.

“Wako.”

“Mama, mimi nilishapewa wangu.”

“Ulimwacha stendi,” mama akasema. Aliongea polepole, bila ukali wowote. “Mama aliyekuwa anauza chai pale alimleta siku ileile, sijamaliza hata kufagia uwanja. Akasema, binti yako kasahau kuku. Nikamwambia ndiyo, kasahau. Wale wote uliowauza walikuwa uzao wake.”

Nikashindwa kumtazama.

“Na barua yako ilipofika nilimwomba katekista anisomee. Akasoma, kuku kafika salama na anataga. Nikamwambia asome tena, huenda nimesikia vibaya. Akasoma tena, na kuku mwenyewe anachakura hapa miguuni petu.” Akanisogezea. “Shika basi, mkono unaniuma.”

Nikampokea kwa mikono miwili.